Jua mwendo wako kwenye njia za jirani, kisha uchague pwani ya likizo

Watu wengi huchagua pwani kwa kuangalia picha. Picha hiyo ilipigwa siku ya jua kali, maji yamejaa, upepo umetulia. Haikuambii kwamba baada ya muda wa saa sita maji yatakuwa yamekupwa na kuacha matope, kwamba bahari ile ni baridi ya kukata pumzi hata katikati ya kiangazi, wala kwamba kijia kile kizuri kilicho juu ya majabali kina kupanda na kushuka zaidi kuliko vilima vyote ulivyowahi kutembea.

Likizo ya pwani yenye kutembea na kuogelea inahitaji ujue mambo mawili: mwili wako unaweza nini, na bahari ile itakuwa ikifanya nini katika wiki utakayokuwepo. La kwanza hujifunzwa kwenye njia za miguu zilizo karibu na unapoishi, ambako ukikosea hesabu unarudi umechoka tu. La pili husomwa kabla hujalipia chochote.

Pata namba zako

Tafuta njia ya karibu ya kilomita 8 hadi 12, yenye angalau mita 300 za kupanda kwa jumla, uitembee mara mbili tatu katika hali tofauti za hewa. Kila mara andika saa ya kuondoka, saa ya kurudi, muda uliopumzika na maji uliyokunywa.

Kipimo cha kuanzia ni kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 450 za kupanda inatoa saa 2 na dakika 24 za mwendo, ukijumlisha dakika 45 za kupanda ni saa 3 na dakika 9. Huo ni muda wa mtu mwenye nguvu, mzigo mwepesi na njia safi, bila kupumzika hata kidogo. Ikiwa wewe umetumia saa 4 na nusu, gawanya muda wako kwa muda wa kanuni. Unapata kama 1.4. Hicho ndicho kizidisho chako, na kuanzia hapo kila njia mpya ikokotoe kwa Naismith kisha uzidishe kwa 1.4. Usijaribu kukishusha kwa kukimbizana na saa. Thamani yake ni kuwa cha kweli.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu tofauti ya urefu kati ya mwanzo na kilele peke yake. Njia inayoanza mita 200 juu ya bahari na kuishia mita hizohizo 200 inaweza kuwa na mita 600 za kupanda katikati, kwa sababu inaingia na kutoka mabondeni. Kwenye ramani, fuata njia kwa ncha ya kalamu na uhesabu mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa juu ya bahari, pale tu unapopanda. Kama mistari iko kila mita 20, mistari kumi ni mita 200. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500 za ardhi, kwa hiyo ukiona mistari mitano imebanana ndani ya nusu sentimita, unapanda mita 100 ndani ya mita 250. Huo ni mpando mkali, na ukirudi njia hiyohiyo magoti yatalipa.

Kushuka ndiko kunakowadanganya wengi. Naismith hakuongeza chochote kwa mteremko, lakini mteremko mkali wenye changarawe hauna kasi yoyote kuliko kupanda. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, tua kwa mguu mzima badala ya kisigino. Kama unatumia mikongojo, ipime ukiwa tambarare: kiwiko kikunjike nyuzi 90. Kwa kushuka irefushe sentimita 5 hadi 10, ili iguse ardhi kabla hujainama.

Namba ya mwisho ni ya maji. Kadirio la nusu lita kwa saa linawafaa wengi katika hewa ya wastani, na kwenye joto kali linaweza kufika lita moja, lakini miili inatofautiana sana na ni vyema ujipime. Jipime uzito kabla ya kuondoka, bila viatu, kisha ukirudi jifute jasho na ujipime tena. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukipungua gramu 800 na ulikunywa lita 0.7 katika saa tatu, umetumia lita 1.5, yaani nusu lita kwa saa. Kwenye matembezi marefu ya joto usinywe maji matupu kupita kiasi unachopoteza. Chumvi ya damu hushuka, mtu huanza kichefuchefu, kichwa kinauma na akili inachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ana kiu humwongezea maji. Kula kitu chenye chumvi njiani.

Miguu

Hakuna kinachoharibu likizo haraka kama malengelenge ya siku ya kwanza. Hutokana na mambo matatu yakikutana: msuguano, unyevu na joto. Ukiondoa moja, umeshinda.

Jaribu viatu alasiri, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na uvae soksi zilezile utakazotembea nazo. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha: nyuma ya kisigino kuwe na nafasi ya kidole kimoja. Funga kamba, kisha simama kwenye mteremko ukielekea chini. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kifupi au kamba ya juu ya mguu imelegea. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu unapopiga hatua, hapo ndipo lengelenge litaota. Soksi za pamba huvuta jasho na kulishikilia ngozini, kwa hiyo chagua za sufu laini au za nyuzi zinazokauka upesi, na beba jozi ya pili.

Ngozi hutoa onyo kabla ya kupasuka: mahali panakuwa pa moto, panachoma kidogo. Simama hapohapo, hata kama wenzako wako mbele. Vua kiatu, kausha mguu, toa mchanga, bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa kona zake kuwa mviringo ili isijikunje. Plasta iliyobandikwa kwenye ngozi yenye jasho itaondoka baada ya dakika chache na kujiviringa kuwa kidonge kinachokwaruza zaidi. Mtu akingoja mpaka mapumziko ya chakula ndipo aangalie, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, zisiwe na kona kali.

Mzigo, giza na radi

Begi la matembezi ya siku moja lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Vizito, yaani maji na chakula, vikae karibu na mgongo, katikati ya urefu wa begi. Vikiwa chini vinavuta mabega nyuma. Hata kwa saa tatu, usiache koti la mvua, tochi ya kichwani, filimbi, plasta na bandeji, na ramani isiyotegemea betri. Simu hupokea mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti hata ikiwa haina mtandao, mradi umepakua ramani kabla. Iweke katika hali ya ndege na betri itadumu mara kadhaa.

Weka saa ya kugeuza kabla ya kuondoka, na iheshimu hata kilele kikiwa mbele ya macho. Ukinyoosha mkono mbele na kupanga vidole kati ya jua na upeo, kila kidole ni kama dakika 15 kabla ya kuzama. Karibu na ikweta giza huingia ndani ya nusu saa baada ya jua kuzama. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, mwanga wa jioni hudumu zaidi.

Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo na ugawe kwa tatu: hizo ni kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, shuka kutoka kwenye mgongo wa kilima, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukipotea, acha kutembea. Rudi kwa akili mpaka mahali pa mwisho ulipopajua kwa hakika, na kama huna uhakika, kaa mahali panapoonekana na upige filimbi mara sita ndani ya dakika moja, unyamaze dakika moja, urudie. Hiyo ndiyo ishara ya dharura milimani katika nchi nyingi, na jibu lake ni milio mitatu kwa dakika.

Kuchagua pwani: anza na joto la maji

Sasa una namba zako. Fungua ramani ya dunia au ya nchi unayoilenga na uulize kwanza bahari ina joto gani mwezi huo. Joto la hewa halitoshi, kwa sababu bahari hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mbali na ikweta, maji huwa ya moto zaidi Agosti na Septemba, si Juni jua linapokuwa juu. Katika nusu ya kusini ni Februari na Machi. Mtu anayetaka kuogelea atafaidi zaidi mwisho wa kiangazi kuliko mwanzo wake. Anayetaka kutembea zaidi achukue mwanzo, hewa ikiwa bado nyepesi.

Kisha tazama pwani iko upande gani wa bara. Pwani za magharibi za California, Peru, Namibia na Morocco hupitiwa na mikondo baridi, na upepo huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, maji baridi ya kina yakapanda kujaza nafasi. Matokeo yake ni bahari baridi, ukungu wa asubuhi, na samaki wengi. Rasi ya Cape huko Afrika Kusini inaonyesha jambo hili kwa umbali mdogo sana: fukwe za upande wa Atlantiki zina maji ya baridi kali kiangazi, ilhali ng'ambo ya pili ya rasi, ndani ya False Bay, maji yana joto la digrii kadhaa zaidi. Pwani ya namna hii ni nzuri mno kwa kutembea na haifai kwa anayeota kuelea majini mchana kutwa. Chini ya digrii 15, mwili unaoingia ghafla huvuta pumzi bila hiari, na hilo peke yake huzamisha watu wanaojua kuogelea. Ingia taratibu, ungoje pumzi itulie.

Angalia pia misimu ya vimbunga. Atlantiki ya kaskazini na Karibi huhesabu msimu wao kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska na Morisi, ni Novemba hadi Aprili. Ndani ya nyuzi tano hivi kutoka ikweta vimbunga huwa nadra sana. Karibi ina jambo jingine: tangu 2011, mwani wa kahawia unaoelea, sargasamu, hufika kwa wingi kuanzia masika hadi kiangazi, ukioza ufukweni unanuka. Kaskazini mwa Australia, yavuyavu wenye sumu kali huwapo hasa Novemba hadi Mei, na watu huogelea ndani ya nyavu.

Kupwa na kujaa

Hili ndilo jambo linalopuuzwa zaidi, nalo linaweza kujulikana miezi kabla. Tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa haifikii nusu mita katika sehemu kubwa ya Mediterania, ilhali katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada inaweza kufika mita 16. Kama tofauti ni ndogo, ufukwe unaouona asubuhi ndio wa jioni. Kama ni mita tatu au nne na ufukwe ni mpana na tambarare, nusu ya siku utatembea juu ya mchanga na mwani kabla ya kugusa maji.

Pwani nyingi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa umbali wa saa 12 na dakika 25 kati ya kujaa na kujaa, kwa hiyo kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Maji yakikupwa saa nne asubuhi Jumamosi, Jumamosi inayofuata saa hiyohiyo yatakuwa karibu na kujaa. Bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huleta kujaa na kupwa kukubwa, na maji mafu ya nusu mwezi huleta kudogo. Wachache wanajua hili lingine: katika pwani moja, maji ya bamvua hujaa karibu saa zilezile kila mara. Kama bamvua ya pale hujaa saa sita mchana, itakuwa hivyo mwaka mzima, na wiki ya bamvua ndiyo ya kuogelea mchana, ilhali ya maji mafu ndiyo ya kuona miamba mchana bila maji kuwa mbali mno. Tafuta jedwali la maji la mahali hapo, ulinganishe na tarehe zako, ndipo uchague wiki.

Mwendo wa maji hausawaziki ndani ya zile saa sita hivi kati ya kupwa na kujaa. Wanabahari hugawa tofauti yote katika sehemu 12: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 3.6, saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30, na saa ya tatu sentimita 90. Ndiyo maana mtu aliyevuka hori maji yakiwa vifundoni huona bado kuna nafasi, akageuka baada ya saa mbili na kukuta njia imefungwa. Popote njia inapopita chini ya majabali, vuka saa moja au mbili kabla ya maji kukupwa kabisa, ili yawe bado yanapungua ukiwa katikati.

Njia za pwani si tambarare

South West Coast Path ya Uingereza ina kilomita 1,014, na mtu anayeimaliza amepanda jumla ya mita 35,000 hivi, kwa sababu kila mto unaoingia baharini umekata bonde. Hiyo ni wastani wa mita 35 kwa kila kilomita: siku ya kilomita 20 ina mita 700 za kupanda. Kwa kizidisho cha 1.4 hiyo ni saa 7 na robo kabla ya kupumzika. Wengi wanaopanga kilomita 20 kwa siku kando ya bahari hawangepanga hivyo kama ingeitwa milima.

Mchanga mkavu ulio laini nao hula nguvu zaidi ya mara mbili kuliko ardhi ngumu. Tembea kwenye ukanda uliolowa, karibu na maji, na kama ufukwe umeinamia baharini, pumzika mara kwa mara au rudi kwa upande uleule wa maji, maana mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake kwa kilomita nzima na nyonga hukulalamikia usiku.

Otter Trail ya Afrika Kusini, siku tano na kilomita 45 hivi, ni mfano mzuri wa namba zote kukutana. Siku ya nne wasafiri lazima wavuke mdomo wa mto Bloukrans, kama kilomita 10 kutoka walipolala, maji yakiwa yamekupwa. Kwenye mawe, kilomita 2 kwa saa si mwendo mbaya. Kwa hiyo maji yakikupwa saa nne asubuhi, mtu wa mwendo huo huondoka saa kumi na moja alfajiri kwa tochi au mapema zaidi. Anayejua mwendo wake kutoka njia za jirani anapanga usingizi wake vizuri. Asiyejua anafika maji yanarudi.

Kabla ya kulipia malazi

Tazama mahali hapo kwa picha za setilaiti, si kwa picha za hoteli. Utaona kama kuna barabara kati ya chumba na ufukwe, kama kuna mdomo wa mto au mfereji karibu, kama mbele ni mchanga au mwamba. Karibu na midomo ya mito, subiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa kabla ya kuogelea, kwani uchafu wa bara zima huteremkia hapo. Ufukwe wa mchanga wa chembe kubwa wenye mteremko mkali huvunjia mawimbi ukingoni kabisa, na huumiza shingo za wanaocheza pale. Wenye watoto watafute mchanga laini na mteremko mdogo.

Uliza upepo unatoka wapi alasiri. Pwani nyingi upepo wa bahari huanza kabla ya adhuhuri na huwa mkali alasiri. Kwa hiyo asubuhi ni ya kuogelea, alasiri ni ya kutembea, na njia uipange upepo ukiwa mgongoni wakati wa kurudi.

Siku ya kwanza majini

Kabla ya kuingia, simama juu, mahali pa kuona ufukwe wote, dakika kumi. Bendera nyekundu na njano pamoja huonyesha eneo lenye waokoaji katika nchi nyingi. Nyekundu moja ni hatari kubwa, na katika nchi nyingine tayari ni marufuku kuingia, mbili ni marufuku kabisa, na zambarau ni viumbe wenye sumu. Kisha tafuta ukanda ambako mawimbi hayavunjiki, maji ni meusi zaidi na yametulia, povu na mchanga vinaelekea nje. Mgeni huingia hapo kwa sababu panaonekana pametulia, na ndipo maji yaliyoletwa na mawimbi yanaporudi bahari kuu, yakiweza kwenda kasi kuliko muogeleaji bingwa. Mkondo huo hauzamishi mtu chini. Unamchukua mbali, naye anakufa kwa kuchoka akipigana kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono kuita msaada, na kama una nguvu ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeukie nchi kavu mahali mawimbi yanapovunjika.

Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi ya jua, na povu la bahari asilimia 25, kwa hiyo kivuli cha mwavuli hakitoshi peke yake. Mtu mzima anahitaji kama mililita 35 za krimu ya kuzuia jua kwa mwili mzima, tena kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Ukienda Hawaii au Palau, soma viambato kabla ya kufunga begi, kwa sababu huko krimu zenye kemikali ya oksibenzoni haziuzwi kwa sheria, kulinda matumbawe.